Gari Nyuma ya Tanuri la Matofali

Kila asubuhi, kabla ya chai, Chiriku na mama yake walisukuma gari. Baba alikaa kwenye usukani, tai shingoni, akitoa amri kupitia dirishani: "Sukumeni! Ongezeni nguvu kidogo! Hapo hapo!" Mama alijifunga kibwebwe, akainama, akasukuma mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Gari lilikohoa, likatema moshi mweusi, likaamka. Baba alipiga honi akaondoka, na mbele kidogo alisimama kuwapakia majirani waliokuwa wakimngojea. Chiriku na mama yake walirudi ndani wakihema.

Chiriku alikuwa na miaka kumi na miwili. Jina hilo alipewa mtaani kwa sababu ya mdomo wake. Akianza kusimulia jambo, hata kuku walihama. Baba yake naye alikuwa na jina lake. Tangu anunue gari, watu walimwita Bosi. Hakuwa bosi wa mtu yeyote. Alikuwa karani katika bohari ya saruji na mabati, ng'ambo ya daraja, na wenzake wote walikwenda kazini kwa miguu. Lakini jina lile lilimwingia damuni. Jirani akisema, "Bosi, nisogeze kidogo," hakuweza kukataa, na kuomba hela ya mafuta aliona aibu.

Gari lilinunuliwa kwa mkopo wa chama cha akiba cha mtaani. Katika chama kile, aliyekopa alihitaji mdhamini, yaani mwanachama mwenzake ambaye akiba yake ingekatwa endapo mkopaji angeshindwa kulipa. Aliyemdhamini Baba alikuwa Mama Mkaa, mjane aliyeuza mkaa pembeni mwa soko. Hakuwa ndugu yao. Alikuwa rafiki wa Mama tu, na binti yake alikaa dawati moja na Chiriku. Yeye na Chiriku waliinamia vitabu pamoja tangu darasa la kwanza, na kwa kuwa binti huyo hakujua kuchoka, darasani walimwita Nyuki. Akiba ya Mama Mkaa ilikuwa na kazi moja: ada ya Nyuki ya mwaka wa mwisho, pamoja na ada ya mtihani wa kumaliza shule.

Gari likaanza kula. Kwanza lilitaka matairi. Halafu bima. Halafu kifaa fulani ndani ya injini ambacho fundi alikitaja kwa sauti ya msiba. Betri ilipokufa, Baba alisema betri itasubiri, maana wasukumaji wapo. Malipo ya chama yakaanza kuchelewa, kisha yakasimama kabisa. Ndipo jioni moja Baba alipoiketisha familia yote mezani.

"Kuanzia leo tunabana matumizi," alisema. "Maziwa basi. Sukari ni ya mtoto mdogo tu. Taa ya barazani izimwe. Wewe Chiriku utakwenda shule kwa miguu, nauli hakuna. Nyama tutainusa kwa jirani."

"Na gari?" Chiriku aliuliza.

Mama alikohoa. Baba alimtazama binti yake kana kwamba ametukanwa.

"Gari linanipeleka kazini."

"Kazini ni kuvuka daraja tu, Baba Chiriku," Mama alisema taratibu.

"Na watu watasema nini? Watasema Bosi kafilisika. Nitapita wapi na uso huu?"

Mama aliondoa vikombe mezani. Alikuwa mtu wa kumeza maneno, na siku ile aliyameza mengi.

Basi wakabana. Nyumba ikawa na giza mapema. Mdogo wake Chiriku, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, alilia maziwa asubuhi na jioni mpaka akazoea kutokupewa, na huko kuzoea kwake kulimuumiza Mama kuliko kilio. Chiriku alifika shule vumbi limemjaa magotini. Hakuna aliyelalamika. Lakini deni halikupungua hata kidogo, kwa sababu kila walichokibana, gari lilikinywa.

Siku moja mwenyekiti wa chama alibisha hodi. Alikuwa muuguzi mstaafu, mwanamke mpole asiyezungusha maneno.

"Bwana karani, kanuni zetu unazijua," alisema. "Mwenye deni akiwa na mali, anauza kwanza mali yake. Akiba ya mdhamini haiguswi mpaka yeye abaki mikono mitupu. Wewe una gari."

"Nilikuwa nalo," Baba alijibu. "Limekufa, mama. Nimeliuza kwa watu wa vyuma chakavu, na kile kidogo nilichopata amekichukua fundi aliyekuwa ananidai."

Mwenyekiti alichungulia uani. Kweli, gari halikuwepo. Lilikuwa limelala nyuma ya tanuri la matofali lililoachwa, nje kidogo ya mtaa, chini ya turubai, na mlinzi alikuwa akilipwa kulitazama. Baba alikuwa amelipeleka huko jana yake, aliposikia kwamba mwenyekiti angekuja.

"Basi pole sana," mwenyekiti alisema, akaondoka ameinamisha kichwa.

Chiriku alikuwa amesimama mlangoni, mdomo wazi. Baba alimnyooshea kidole.

"Chiriku, leo huo mdomo ufunge. Hili ni la humu ndani."

Tangu hapo asubuhi zao zilibadilika zikawa mbaya zaidi. Baba alitoka nyumbani kwa miguu, akiinamia ardhi kama mgonjwa, na majirani walimpa pole njia nzima. "Pole, Bosi. Mambo ya dunia haya." Akishapita nyumba ya mwisho alikata kona kuelekea kwenye tanuri. Mama na Chiriku walikuwa wameshafika kwa kichochoro kingine, mtoto mgongoni kwa Mama. Walifunua turubai, wakasukuma. Kisha Baba alizunguka njia ya mashambani ili asionekane, njia ndefu, yenye mashimo, iliyomaliza mafuta na kuvunja springi. Mtu mzima na akili zake alikuwa akilipa mafuta, mlinzi na fundi ili aende mahali ambapo miguu ingempeleka bure. Chiriku aliyaona yote hayo na kuuma midomo.

Muda si mrefu, Nyuki hakuonekana darasani. Siku ya kwanza Chiriku alidhani ni homa. Dawati lilipobaki tupu siku kadhaa, alipita sokoni baada ya masomo. Alimkuta rafiki yake amekaa kwenye gunia, akipepeta vumbi la mkaa ili kutenganisha vipande vidogo, uso mweusi, macho mekundu.

"Shule vipi?" Chiriku aliuliza.

"Ada imekatwa kwenye lile deni," Nyuki alisema. "Mama anauza mpaka vumbi ili apate nyingine. Mwalimu mkuu amesema jina langu halitaandikishwa kwenye mtihani mpaka nilipe, na uandikishaji unafungwa mwisho wa mwezi."

Chiriku alikaa kwenye gunia kando yake, machozi yakimtoka.

"Usilie bwana," Nyuki aliendelea. "Si kosa lenu. Gari likifa limekufa. Mama anasema baba yako hakupenda yatokee haya."

Afadhali angemtukana. Chiriku alirudi nyumbani, akamkuta mama yake akichambua maharage.

"Mama, twende tukaseme ukweli."

"Nimeshamsihi baba yako mpaka nimechoka. Ameniahidi, akipata mshahara, wote anaupeleka kwa Mama Mkaa. Vumilia kidogo, mwanangu."

Chiriku akavumilia. Mshahara ukaja, na siku ile ile giaboksi ikagoma. Baba alirudi jioni mikono imejaa grisi na mfuko mtupu. "Mwezi ujao," alisema, bila kumtazama mtu usoni. Mama alikwenda jikoni akasimama huko, hapiki, haoshi.

Kesho yake asubuhi Chiriku hakwenda kwenye tanuri. Alipiga moyo konde akaenda sokoni. Mama Mkaa alikuwa akifungua magunia. Chiriku alimwamkia, kisha akasema kwa pumzi moja, kabla woga haujamrudisha:

"Mama, gari letu halijauzwa. Liko nyuma ya tanuri la matofali. Mimi ndiye ninayelisukuma kila siku. Nilijua, nikanyamaza."

Mama Mkaa alikaa chini, pale pale kwenye vumbi. Mteja mmoja akaja, akangoja, akaondoka zake.

"Nyumbani wanajua kwamba umekuja huku?" aliuliza hatimaye.

"Hapana."

"Basi nenda ukawaambie mwenyewe. Nitakuja jioni. Sitaki wasikie kwangu kwanza, maana watadhani nimekulisha maneno."

Siku hiyo Chiriku hakusikia hata neno moja la mwalimu. Jioni Baba aliingia na hasira zake, kwani Mama peke yake alishindwa kulisukuma gari, na yeye akafika kazini amechelewa.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa Mama Mkaa. Nimemwambia gari liko wapi."

Baba aliinua mkono. Chiriku alifumba macho akangoja. Badala ya kofi alisikia sauti ya Mama, sauti ambayo hakuwahi kuisikia.

"Ukimpiga huyu, anza na mimi. Mimi ni mtu mzima, nilijua kabla yake, na nilinyamaza zaidi yake."

Mkono ulibaki juu, halafu ukashuka wenyewe. Kabla hajasema kitu, hodi ilisikika. Mama Mkaa aliingia, akakaa kwenye kiti karibu na mlango, akakataa hata maji.

"Sikuja kugombana," alisema. "Nina swali moja, shemeji. Wakati mwanangu anapepeta vumbi badala ya kusoma, wewe ulikuwa unaendesha?"

Baba alitazama sakafu. Uso ulimshuka, na kwa mara ya kwanza Chiriku aliona jinsi baba yake alivyozeeka.

"Nilikuwa naendesha," alijibu.

Hakujitetea. Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa mwenyekiti, akasema aliyoyafanya mbele ya wanachama, akakabidhi ufunguo. Wengine walimzomea, wale wale aliokuwa akiwapakia bure ndio walioongoza. Gari halikupata mnunuzi upesi. Kila aliyekuja alilipiga teke tairi, akasikiliza injini, akatikisa kichwa. Mwishowe alipatikana mtu mmoja aliyelinunua kwa bei ya kutupa, na fedha hizo zikarudishwa zote kwenye akiba ya Mama Mkaa. Ada ya Nyuki ikapatikana. Lakini mwezi ulikuwa umekwisha. Mwalimu mkuu alizipokea fedha, akamwandika Nyuki kurudi darasa la nyuma, na kuhusu mtihani alisema kwa huzuni kwamba orodha ya majina imeshafungwa na yeye hana uwezo wa kuifungua.

Nyumbani mambo yalianza kunyooka. Bila mafuta, bima, fundi wala mlinzi, mshahara wa karani ulionekana mkubwa ghafla. Kila mwezi Baba alipeleka chama sehemu ya deni lililobaki, na bado mtoto alirudishiwa maziwa yake. Aliomba pia kazi ya kupakua saruji siku za mapumziko, akarudi nyumbani na vumbi mpaka kwenye kope. Hakuna aliyemwita Bosi tena. Alianza kusinzia kwenye kiti akishakula, na nyumba ilikuwa na ukimya wa watu wanaoogopa kugusana kwenye kidonda.

Asubuhi ya mtihani, Baba alimsindikiza Chiriku shuleni kwa miguu. Getini walimkuta Nyuki na sare yake safi, akielekea kwenye darasa la wadogo zake.

"Shikamoo, baba," alisema.

"Marahaba, mwanangu," Baba alijibu.

"Chiriku, ukayasome maswali vizuri uje unisimulie," Nyuki alisema, akijaribu kucheka. "Mwakani zamu yangu." Kisha akaenda haraka, asije akalia mbele yao.

Baba alisimama akimtazama mpaka alipoingia ndani.

"Chiriku," alisema, "ile siku mezani nilikata maziwa ya mdogo wako, nikakata nauli yako, nikakata sukari ya mama yako, nikajiona hodari wa kubana matumizi. Nilikata vya kila mtu, changu sikukigusa. Wewe siku ukiwa na deni, anza na kile unachokipenda mwenyewe, hata kama watu watakucheka. Na ukweli useme mapema, usifanye kama mimi. Usifanye hata kama wewe, maana ulisema, lakini ulichelewa kidogo, na aliyekuchelewesha ni mimi."

Chiriku aliitikia kwa kichwa.

"Deni la chama nitalimaliza," Baba alisema. "Mwaka wa yule mtoto sijui nitaulipa na nini."

Kengele ililia. Chiriku aliingia kwenye chumba cha mtihani, akakaa kwenye dawati lake peke yake.