Aliyeufumua Mtepe

Mtepe ulikuwa umeegemea magogo yake katika banda la Matondoni, mishono ya mbavu zote mbili imefumuliwa kutoka omo, mbele, hadi tezi, nyuma, na mbao zimeachana kiasi cha kupitisha mkono. Inspekta Mwanamkisi alisimama mlangoni akautazama. Neno la kwanza lililomtoka halikuwamo katika mafunzo ya polisi.

"Inna lillahi," alisema.

Konstebo Crispus, kijana wa bara aliyekuwa na miezi michache tu visiwani, akatazama huku na huku akauliza marehemu yuko wapi.

"Huyo hapo mbele yako," Inspekta alimjibu.

Mtu wa Amu, yaani Lamu, asingeuliza. Chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, bila msumari hata mmoja, hakuna aliye hai pale aliyewahi kukiona kikisafiri. Mababu walisimuliwa na mababu zao. Ndipo kituo cha utafiti cha chuo kikuu kikaamua kuufufua. Wanahistoria walikusanya simulizi na michoro, wahandisi wakapiga hesabu za mbao, wataalamu wa viumbe vya bahari wakachagua mikoko ya kukatwa na ya kuachwa, na Dakta Alawiya, bingwa wa kemia, akabuni dawa ya kuzuia kamba zisioze. Fundi Husni wa Matondoni ndiye aliyeshona.

Huyo Alawiya alikuwa fahari ya mji. Siku aliporudi na shahada yake ya uzamivu alipokewa kwa matari tangu gatini hadi kwao Langoni. Mwanamkisi, aliyekaa naye mkeka mmoja katika chuo cha Kurani wakisoma juzuu, alimvisha kikuba cha asumini kwa mkono wake na akajisikia kama kwamba ni yeye aliyesoma.

Sasa ilikuwa Jumamosi asubuhi. Jumatatu wageni walikuwa waje kuuona mtepe ukishushwa, na vijana ishirini wa kisiwa wasafiri nao hadi Siyu.

"Makao makuu wamenipigia simu," alisema Profesa Kipchumba, mhandisi na mkuu wa mradi, uso umemsawijika. "Aliyefanya haya asipojulikana kabla ya Jumatatu, watauchukua mtepe Nairobi ukawekwe ndani ya ukumbi. Wanasema hapa hamuwezi kuutunza."

Hilo "hamuwezi" lilimchoma Mwanamkisi kuliko mwiba wa samaki taa. Alilimeza, akauliza anamshuku nani.

Kipchumba alimshuku Fundi Husni, naye hakuwa na haya kusema. Ufunguo wa banda ulikuwa kwake. Wiki iliyopita kibao kikubwa cha majina ya watafiti kilisimamishwa mlangoni, jina la Husni halimo, na mzee alikasirika mbele za watu. Kisha jana, Ijumaa, siku ambayo mafundi hawashiki kazi na banda hufungwa kutwa, Husni hakuonekana msikitini. Mzee ambaye kwa umri wake wote hajulikani kukosa sala ya Ijumaa.

Wenzake Kipchumba nao walikuwa na yao. Dakta Nerea, mwanahistoria, alieleza kwa kirefu uhasama wa kale wa Pate na Amu. Dakta Hamdun, wa viumbe vya bahari, alisema ni panya. Kipchumba mwenyewe alikuwa amekadiria nguvu za mkono zinazohitajika kukata kamba zile. Kila mmoja alimwona mhalifu kwa miwani ya somo lake, na Mwanamkisi aliwasikiliza wote kwa adabu, ingawa kwa Hamdun alijiuma mdomo.

Crispus alianza kunyunyiza unga wa kutafutia alama za vidole, akakuta chombo kizima kimejaa vidole vya nusu ya Matondoni. Inspekta alimwambia aache. Alivua viatu, akaingia ndani ya mtepe, akapiga magoti.

Katika kila tundu la mshono hupigwa kigingi kidogo cha mti ili kuibana kamba. Matundu yote yalikuwa wazi, na mdomo wa kila tundu ulikuwa mzima, haukuchanika wala kukwaruzwa. Vigingi alivikuta chini ya tezi, ndani ya kikapu, vimefunikwa kitambaa.

"Crispus, ukitaka kuiharibu kanzu ya adui yako, utaifanyaje?"

"Nitairarua tu, Afande."

"Huyu aliifumua. Aling'oa kigingi kwanza, ndipo akaikata kamba, ubao usiumie. Panya hang'oi vigingi akavitia kikapuni. Na mtu wa Pate mwenye kisasi angekuja na shoka." Alitazama sakafuni. "Sasa nionyeshe kamba zilizokatwa."

Crispus alitafuta ndani na nje. Hapakuwa na hata kipande.

Inspekta akabaki amepiga magoti akiwaza. Mhalifu kaacha vigingi, kaacha mbao, kaacha vyombo vya kazi vya bei, kabeba kamba zilizokatwa ambazo hazifai hata kufungia mbuzi. Mtu habebi takataka ila ana sababu.

Fundi Husni alihojiwa barazani kwake. Kumpeleka kituo cha polisi Mwanamkisi aliona si heshima. Mzee alikaa wima, kofia yake nyeupe ya vito, iliyodariziwa kwa mkono, kichwani, mikono ile iliyoushona mtepe imetulia magotini.

"Jana ulisali wapi, Bwana Husni?"

"Sikusali Ijumaa. Nalisali Adhuhuri hapa nyumbani."

"Ulikuwa unaumwa?"

"Sikuwa nikiumwa."

"Ulikwenda bandani?"

Mzee aliirekebisha kofia yake.

"Ufunguo alikuwa nao nani mwingine?"

"Uliza kituoni kwa watafiti."

"Wewe ndiye uliyeufumua mtepe?"

Husni alimtazama machoni. "Mwanangu, kama wataka mtu wa kufunga, nifunge mimi. Nimekula chumvi nyingi, hata nikifungwa sikosi kitu."

"Sikuuliza nani afungwe. Nimeuliza nani aliyefumua."

"Na mimi sikujibu," alisema mzee, na hapo mahojiano yakawa yamekwisha. Crispus alitoa pingu mfukoni. Inspekta alimtazama mara moja tu, zikarudi.

Njiani Crispus alinung'unika kwamba yule mzee amekiri nusu. Mwanamkisi alimwambia kwamba mtu anayekiri huomba radhi, na yule hakuomba radhi kwa lolote. Alikuwa akimfunika mtu. Swali lilikuwa moja: ni nani ambaye Husni angempotezea Ijumaa? Watoto wake wa kiume wote wako Mombasa, mkewe amekwisha tangulia mbele ya haki. Jibu lilimjia mbele ya mlango wa banda, aliposoma kibaoni jina la binti wa Amu, na akalichukia.

Alirudi chini ya mtepe, akalala chali mchangani. Pale mkuku, boriti ya chini ya chombo, ulipokalia gogo la nyuma, mahali ambapo mkono haufiki, palikuwa na mishono miwili iliyosalimika. Aliagiza chombo kiinuliwe kidogo, akaitoa, akaipeleka kwa Kipchumba pamoja na kamba mpya kutoka stoo, iliyotiwa dawa ileile lakini haijawahi kugusa maji.

"Una mashine ya kuvutia kamba hadi ikatike?"

"Ninayo."

"Ivute hii mpya."

Mashine ilivuta, ikanguruma, kamba ikashikilia hadi mshale ulipofika pembeni. Kipchumba alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Ndipo Inspekta akampa mmoja wa mishono ya chini ya mkuku. Haukungoja mngurumo. Ulikatika kama uzi wa kanga kuukuu.

Profesa aliketi. Mtepe ulikuwa umewekwa horini, kwenye mkono wa bahari kati ya mikoko, kwa wiki kadhaa ili mbao zifure, kisha ukapandishwa tena kumaliziwa. Kamba hizo ndizo zilizokuwa zibebe vijana ishirini hadi Siyu.

"Wangezama," alisema polepole.

"Wangezama," Inspekta alikubali. "Na kuna mtu aliyelijua hilo kabla yetu."

Dakta Alawiya alikuwa maabarani peke yake, buibui lake limetundikwa mlangoni, koti jeupe mwilini. Mwanamkisi alimwomba Crispus abaki nje. Aliuweka ule mshono wa pili juu ya meza.

Alawiya aliugusa kwa ncha ya kidole.

"Nalidhani nimeitoa yote," alisema.

"Kamba nyingine ziko wapi?"

"Nimezitoma moto. Nyuma ya hapa, ndani ya pipa."

"Ufunguo?"

"Wa kituo. Ijumaa hakuna mtu bandani. Nalianza asubuhi."

"Vigingi ukavihifadhi."

"Mzee Husni ndiye aliyenifunza. Asema kamba hushonwa upya, ubao ukiumia umeumia." Aliendelea kwa Kiswahili cha darasani, kana kwamba yuko mbele ya wasahihishaji. "Nilizipima kwenye matangi ya maji ya chumvi mwaka mzima, zikastahimili. Lakini tangi halina matope ya mikoko. Horini mna vijidudu, na dawa yangu imekuwa chakula chao. Waliila, wakaila na kamba. Alhamisi nilivuta mshono mmoja tu kwa mkono, ukanikatikia."

"Ungesema hiyohiyo Alhamisi. Safari ingeahirishwa, basi."

"Ningesema nini, Mwanamkisi? Mulinipokea kwa matari. Mamangu hakuna mgeni aingiaye asionyeshwe picha yangu ya joho. Walimu huwaambia wasichana, someni muwe kama Alawiya. Nilijiona nikisema nimekosea, nikasikia watu wakisema, mwaona, binti wa Amu hawezi. Kwa hiyo nikaona bora mtepe uharibiwe na mtu asiyejulikana. Ushonwe upya kwa kamba nyingine, na mimi nibaki vile vile."

Sababu ndiyo hiyo, na Mwanamkisi aliielewa mno kuliko alivyotaka. Yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliompandisha juu, wala hawakumwekea ngazi ya kushukia. Lakini kazi ilikuwa haijaisha.

"Mtu asiyejulikana amepatikana," alisema. "Mzee Husni. Nadhani jana kabla ya adhana alipita bandani, akakuona. Akaona asiende msikitini mbele za watu na siri hiyo, akarudi nyumbani, Ijumaa ikampita. Leo nimemhoji, na anataka nimfunge yeye."

Alawiya alishika ukingo wa meza.

"Kwa nini?" aliuliza.

Mwanamkisi alimpeleka Matondoni ili amuulize mzee mwenyewe swali hilo. Mzee aliwaona wanakuja pamoja, akajua kwamba siri haipo tena. Alawiya alipiga magoti mbele yake akamuuliza kwa nini.

"Mimi siyui kusoma ila Kurani," alisema Husni. "Mwana wa watu wa Amu akisoma, amenisomea mimi. Nalikuona wafumua, nikajua una sababu, kwani ulikuwa ukilia. Ningekutaja vipi mimi?"

Alawiya alilia hapohapo, kwa sauti, na Inspekta akatazama kando.

Jalada liliandikwa kama sheria inavyotaka: uharibifu wa mali kwa makusudi, mshukiwa amekiri. Kipchumba aliambatisha maelezo yake kwamba vijana ishirini wako hai kwa sababu ya uharibifu huohuo. Hakuishia hapo. Alikwenda kwa Husni kumtaka radhi, akaagiza jina lake liandikwe kibaoni na la Alawiya lifutwe. Husni alimwambia kama la Alawiya litafutwa, lake wasiliandike. Yakaandikwa yote mawili. Makao makuu nao, mhusika alipojulikana, hawakuutaka tena mtepe Nairobi.

Jumatatu wageni walifika, mabango na maturubai tayari, wakaukuta mtepe ungali juu ya magogo, mbavu wazi. Alawiya alisimama mbele yao. Mwanamkisi alisimama hatua chache nyuma yake, pingu amezisahau kituoni kwa makusudi.

"Mtepe huu niliufumua mimi," alisema Alawiya. "Dawa yangu imeshindwa, na niliona haya kusema. Kamba ndizo zilizooza. Mtepe ni mzima, fundi wake ni mzima, na hakuna mtu wa kisiwa hiki aliyeuhujumu kwa chuki. Nimekosea katika utafiti, na kosa hilo nitaliandika kwa jina langu. Nimemkosea Bwana Husni, na hilo namwomba radhi mbele yenu."

Wageni walitazamana. Husni aliinuka bila haraka, akachukua kikapu cha vigingi na bunda la kamba mpya zisizotiwa dawa, akaingia ndani ya mtepe. Mshono hutaka watu wawili, mmoja ndani na mmoja nje. Ncha ya kamba ilichomoza katika tundu la kwanza, ikangoja.

Alawiya aliishika, akavuta.

Hapo ndipo kigelegele kilipopigwa, kirefu, kutoka nyuma, walikokuwa wanawake. Watu waligeuka. Alikuwa mama yake Alawiya, machozi yanamtiririka na kichwa kiko juu, akimshangilia mwanawe kuliko siku ile ya joho.

Kigelegele cha pili kilimtisha Crispus, maana kilitoka kwa afande wake, akiwa ndani ya sare kamili ya polisi.