Daftari la Maji na Panga la Mume Wangu

Panga lilikuwa la mume wangu.

Shingo ilikuwa ya mdogo wangu.

Na mimi nilikuwa nimesimama ng'ambo ya mfereji, hatua kama sita hivi, ndoo ya lita ishirini kichwani, mdomo wazi kama zoba...

"Sema tena!" Aminieli alifoka. "Rudia hilo neno, Tabea, nikitenganishe hicho kichwa chako cha chuo na mabega!"

"Shemeji... nisamehe shemeji..."

Tabea alikuwa amepiga magoti kwenye tope. Sikio la kushoto lilishachanika, damu inamchuruzika mpaka kwenye kola ya blauzi.

Ilikuwa saa tisa mchana, jua kali. Hakuna aliyekuwa amelewa. Jamani, mtu mzima na akili zake!

Ninyi mnaosoma hapa, naomba mniazime masikio kidogo. Mimi nimeishia darasa la saba, nikikosea kuandika mnivumilie. Naitwa Ndeshi. Lile panga halikuja lenyewe. Nililiita mimi, kwa kalamu ya buluu, siku tisini.

Sikilizeni ilivyokuwa.

Tabea ni mdogo wangu wa mwisho, wa kwanza ukoo mzima kufika chuo kikuu. Alikuwa mjini Arusha, mwaka wa tatu, anasomea digrii ya utalii. Sasa pembeni ya digrii akawa anachukua na cheti kingine, wanakiita cheti cha uendelevu.

"Ndiyo nini hicho?" nikamuuliza.

"Ni kutumia kitu leo bila kumnyima mtu wa kesho, dada."

"Kwani hilo nalo linasomewa?"

Akacheka. "Hoteli za kitalii siku hizi zinakitaka balaa. Ukiwa na digrii na hicho cheti juu yake, wanakugombania."

Ili akipate, ilibidi achague kitu kimoja cha kijijini akipime siku tisini, kisha awasomee wanakijiji alichokiona. Akachagua mfereji wetu, huu unaoshuka kutoka mlima Meru, unanywesha kahawa, migomba, ng'ombe na sisi wenyewe.

Lakini siku zote yeye yuko darasani mjini. Atapima saa ngapi?

Akanikabidhi mimi kijiti chenye alama, na daftari lenye safu nne. Tarehe. Saa. Kina cha maji. Zamu ya nani.

Jamani nilifurahi! Tangu niache shule hakuna mtu aliyenipa daftari. Asubuhi na jioni nashuka pale mfereji unapoingia kwa watu wa chini, natumbukiza kijiti, naandika. Sikukosa hata siku moja.

Mfereji wetu una zamu. Kila nyumba ina siku zake, majina yamebandikwa ofisi ya kitongoji. Mwenye zamu anachukua nusu, nusu nyingine anaiacha ishuke. Hiyo ndiyo sheria, na mwenyekiti wa mfereji wa kuisimamia alikuwa mume wangu, Aminieli.

Nikaanza kuona kitu. Kila Jumatano na Jumamosi jioni, kijiti kinatoka kikavu. Sifuri! Watu wa chini walikuwa wanalia, migomba inakunja majani, ng'ombe wanalamba tope.

Nikaangalia ile karatasi ya zamu. Jumatano: Sumari. Jumamosi: Sumari.

Nikaandika Sumari.

Hapo ndipo nilipokosea. Mtu wa mjini angesamehewa, kwa sababu desturi yetu haijui. Mimi naijua.

Kitongojini kwetu mfiwa hagusi mfereji mpaka matanga yaishe na kaburi lijengewe. Zamu yake anaazimwa jirani. Haiandikwi, haitangazwi, ni watu wawili wanapeana mkono msibani, basi.

Mzee Sumari alikuwa amefiwa na mkewe.

Na zamu yake aliyeazimwa alikuwa Aminieli. Mume wangu! Nilikuwepo wakipeana mkono, nimeshika sinia la chai.

Kwa nini sikuandika? Kwa sababu zamu ya matanga haiandikwi. Na daftari halikuwa na safu yake. Mimi nilinakili karatasi ya ofisini kama mwanafunzi mwema...

Halafu nilikuwa naona suruali ya Aminieli. Kila Jumatano na Jumamosi anarudi imelowa hadi magotini, ina udongo mweusi usio wa shambani kwetu. Naifua. Sikuuliza. Mimi ni mtu wa kutazama, kuuliza sikuzoea.

Ikafika Jumapili. Ibada imekwisha, watu wakapanda mpaka kwenye banio, pale tunapoyakinga maji kutoka mtoni. Tabea kavaa kiatu kirefu, karatasi mkononi, kawa kama mheshimiwa diwani. Wamama wanapiga vigelegele. Na mzee Sumari naye kaja, koti lake jeusi la msiba.

Tabea akasoma.

"Jumatano na Jumamosi, kwa siku zote tisini, maji yanayofika chini ni sifuri. Zamu za siku hizo ni za ndugu Sumari."

Watu wakageuka kumtazama Sumari.

Ndiyo kwanza nikaunganisha. Zamu. Mkono msibani. Suruali.

Nikamtazama Aminieli. Naye akanitazama. Macho yale sikuwahi kuyaona. Yalikuwa yanasema: thubutu.

Halafu akanyakua jembe la jirani, akaligeuza, akamshushia Sumari mpini wa mdomo. Kah! Nilisikia meno.

"Kumbe ni wewe unayetukaushia migomba! Unajificha na msiba!"

Mwenyekiti akishapiga, nani atauliza? Watu wa chini walikuwa na miezi mitatu ya hasira. Walimvamia kama siafu. Mateke. Mawe. Mama mmoja wa kwaya, yuleyule aliyetoka kuongoza zaburi, alikuwa anampiga na kiatu usoni.

"Ua! Ua mwizi wa maji!"

Mkono wa Sumari ulivunjika mbele yangu, ukakaa upande usio wake. Hakusema neno. Akaninyanyulia jicho moja, lile ambalo lilikuwa bado linafunguka.

Mimi nikaangalia chini.

Nitukaneni tu. Nastahili.

Kilichomwokoa ni mchungaji aliyejilaza juu yake na kanzu yake. Wakambeba kwa pikipiki mpaka hospitali, damu inadondoka njia nzima.

Nyumbani nikamvuta Tabea nyuma ya zizi.

"Tabea, siyo Sumari! Ni shemeji yako. Zamu aliazimwa yeye."

Halafu akauliza kitu ambacho sikutegemea.

"Nani mwingine anajua?"

"Mtu karibu afe, unaniuliza nani anajua?"

"Dada, wiki ijayo nakabidhi ripoti. Nikiibadilisha nimekwisha. Halafu nimeandika kwamba nilipima mwenyewe."

"Sasa na Sumari?"

"Atapona." Akakwepa macho yangu. "Na isitoshe, dada... lile jina uliliandika wewe. Ni mwandiko wako."

Wapendwa, kuna kofi na kuna maneno. Bora angenipiga kofi.

Siku nne nikazunguka na hilo jambo tumboni. Aminieli kila nikimtazama ananiuliza, "Una nini wewe?" nasema kichwa. Siku ya pili nilimfuata kwa mbali, nikaiona siri yake: shamba alilokodi upande wa pili wa kilima, njia ya Momela, maharage machanga ya kusafirishwa Ulaya. Mstari kwa mstari, yamestawi, yanameremeta! Maji ya kijiji kizima yalikuwa yamelala pale.

Siku ya nne, Alhamisi, nikamwona Tabea anapanda peke yake kwenye banio kumfuata Aminieli. Nikachukua ndoo nikajifanya nateka maji.

Nikasikia kwa masikio yangu.

"Shemeji, najua ni wewe. Lakini mimi sina shida. Wewe unyamaze, nami ninyamaze. Ripoti yangu ibaki ilivyo."

Yeye alidhani anafanya mapatano. Aminieli alisikia kwamba kuna mdomo mmoja mjini utakaomtawala maisha yake yote.

Panga likatoka.

Sasa tumefika pale nilipoanzia.

"Sema tena!"

Akalinyanyua. Nikaona misuli ya mkono wake ikikaza, kama anapotaka kukata mgomba.

Sikufikiri. Ile ndoo nikamrushia yote, na maji yake. Ikampata begani. Panga likapotea shabaha, likachana hewa. Akanigeukia mimi.

"Na wewe!"

Nikakinga kwa mkono wa kushoto. Sikusikia maumivu, nilisikia baridi tu. Nikaona vidole vyangu viwili vinaelea kwenye mfereji, vinashuka na maji kwenda kwa watu wa chini...

Ndipo sauti ikatoka. Sauti niliyopaswa kuitoa Jumapili.

"ZAMU YA MATANGA! ALIAZIMWA AMINIELI! NILIKUWEPO! SIYO SUMARI, NI MUME WANGU!"

Kwenye kahawa kulikuwa na watu wanachuma. Wakatokea kila upande. Neno "matanga" hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Wote walijua mara moja wamempiga nani, na wamempiga bure.

Basi aibu ikageuka kuwa hasira nyingine. Panga wakamnyang'anya, wakamwangusha, mawe yaleyale ya Jumapili wakayaokota tena. Mama wa kwaya naye yumo, kavua kiatu!

"Ua!"

"Mwacheni!"

Sauti ilikuwa ya kukwaruza, kama ya mtu asiye na meno ya mbele. Alikuwa mzee Sumari. Katoka hospitali asubuhi ile, plasta mpaka begani, kajikokota kuja kuona kelele ni za nini.

"Mwacheni, apelekwe polisi. Mimi najua jiwe linavyouma. Ninyi hamjui."

"Mzee, huyu ndiye aliyekuponza!"

"Najua. Nilijua tangu karatasi inasomwa. Zamu si nilimpa mwenyewe?"

Watu wakabaki na mawe mkononi.

Mimi nikalia. "Shikamoo baba... kwa nini hukusema? Walikuwa wanakuua!"

Akanitazama, khanga yangu imefungwa mkononi imelowa damu.

"Mke wangu alipooza miezi mitano. Ni nani aliyekuwa anakuja kumwogesha? Si wewe, mwanangu? Ningemtaja mumeo pale, wangemmaliza na nyumba wangeichoma. Wewe ungelala wapi?"

Jamani...

Nilinyamaza nikamwacha apigwe ili niilinde nyumba yangu. Na yeye alinyamaza akipigwa, kwa ajili ya nyumba hiyohiyo!

Aminieli alifungwa miaka saba. Sumari mkono wake haukunyooka tena.

Tabea alikwenda chuo na nyuzi sikioni, akamweleza mwalimu wake kila kitu: nani alipima, nani aliandika, nani alipigwa. Novemba alivaa joho la digrii. Cheti cha uendelevu akanyimwa. Akaambiwa akikitaka aanze upya siku tisini, apime mwenyewe.

Akarudi kijijini. Wakamkatalia kugusa mfereji. "Karatasi zako zinaua," wakamwambia. Aliyekwenda kumwombea nyumba kwa nyumba, na mkono wake uliopinda, ni Sumari. Tabea nyuma yake, kainamisha kichwa, anaamkia kila mlango.

Alipima siku tisini, mvua na jua. Kila jioni, kabla ya kuandika jina, alipanda kwa mwenye zamu, anabisha hodi: "Shikamoo. Leo umemwagilia wewe?" Cheti alikipata mwaka mmoja baada ya digrii. Leo hoteli zinamwita, ni kweli. Lakini mimi na yeye bado hatujarudi kuwa kama zamani, nisiwadanganye.

Nawaachia hili. Kabla hujaandika jina la mtu, iwe kwenye daftari au humu kwenye simu, nenda kwanza mlangoni kwake ukamuulize. Na kama unaujua ukweli na mtu anapigwa mbele yako, useme siku hiyohiyo. Mimi niliusema baada ya siku nne.