Jiko la Mzee Gorski

Jumamosi ile Milwaukee nzima ilikumbuka kwa pamoja kwamba ina majiko ya kuchomea nyama. Duka la vifaa lilifurika hadi pumzi zikawa za kugawana. Lorna Gorski, gauni la njano, nywele kazibana kwa kitambaa cheupe, alinyoosha mkono kushika regyuleta ya mwisho pale ukutani, kile kifaa cha kupunguza nguvu ya gesi itokayo mtungini. Mkono mwingine ukafika wakati uleule.

"Samahani, dada, hii nimeiona tangu mlangoni."

"Kaka, macho hayanunui. Achia."

Aliyeambiwa aachie alikuwa Emmett Radke, fundi wa lifti, mrefu, shati la mistari limepigwa pasi vizuri. Hakuachia.

"Jiko lako lina nini?"

"Moto wake ni wa kuombea. Hata soseji haipati joto. Ni jiko la marehemu baba."

"Basi chukua. Ila nitakuja mwenyewe kukufungia."

"We! Nani kakualika?"

"Bado. Chukua namba yangu, uwe na pa kunialikia."

Lorna akacheka, kicheko ambacho hata yeye alikuwa amekisahau.

Kesho yake wakalifunua jiko uani kwao Lorna. Mafuta yamegandamana kama lami! Wakasugua nyavu za kuchomea kwa brashi ya waya, wakachomoa mabomba ya moto na kutoa utando wa buibui uliojazana ndani. Wakafunga regyuleta mpya, wakapaka povu la sabuni kwenye maungio. Hakuna kiputo, gesi haivuji. Lorna akawasha mwenyewe, maana jiko la baba hakumwachia mtu. Moto ukabaki uleule, dhaifu. Mapenzi ndiyo yaliyowaka.

Lakini kila walipokaribiana, dirisha la jikoni lilifunguka.

"Lorna! Miwani yangu iko wapi?"

"Kichwani, mama!"

"Mwenye nyumba kaita," Emmett alinong'ona, na Lorna akampiga kofi la begani.

Cheka, lakini binti yule alikuwa mfungwa. Baba yake alipokuwa akikata roho alimshika mkono: "Usimwache mama yako peke yake." Miaka sita sasa. Kaka zake walishaenda zao Arizona. Yeye akabaki analala chumba cha utotoni, anatazama dari ileile. Kwa hiyo Emmett alipopata kazi mji wa mbali wa Duluth na kumwambia, "Twende wote, mpenzi, nikuoe," Lorna alilitazama dirisha la jikoni. Akaomba muda.

Siku chache baadaye akampigia simu.

"Jiko limegoma tena. Lakini la jiko si kitu, Emmett, mama kaanguka bafuni. Hakuumia, ila nimechoka, sijui nifanye nini naye."

Masikini, Emmett alikuwa ndani ya lifti. Simu ilikatika baada ya "limegoma tena", ikarudi habari ya mama imeshapita. Akajibu kwa moyo mkunjufu:

"Mpenzi, limezeeka hilo! Liburute hadi kando ya barabara, Jumatatu gari la taka lilichukue. Unajitesa bure."

Lorna aliganda. "Limezeeka?"

"Limechoka kabisa! Baba yako mwenyewe angelitupa."

Akamkatia. Mama yake kaitwa "hilo", kama gunia! Akaifungia namba ya Emmett isimfikie. Emmett alikuja, akagonga mpaka vidole vikamuuma. Lorna alisimama nyuma ya pazia, analia, na mlango hakufungua.

Sikukuu ya uhuru, Julai nne, ikafika. Lorna alitoka uani na soseji alizokwisha chemsha kwa bia na vitunguu. Akafungua swichi zote za jiko, akazungusha koki ya mtungi kwa hasira, akawasha. Moto ukachungulia tu. Akalipiga jiko teke.

"Unafungua vibaya," Mama Gorski alisema, akijikongoja na fimbo yake.

"Nini?"

"Swichi zikiwa wazi halafu mtungi ukaufungua kwa pupa, regyuleta hudhani gesi inavuja. Inajibana. Funga zote, chomoa mpira wa gesi, ngoja kidogo, urudishe. Kisha mtungi kwanza, taratibu. Baba yako alilisahau hilo kila mwaka, na kila mwaka nilimwambia."

Lorna akafanya hivyo. Moto wa bluu ukajipanga mwanzo hadi mwisho.

"Miaka yote hii, mama! Mbona hukusema?"

"Uliniuliza lini? Wewe huniulizi kitu, unanifunika blanketi tu. Nimebanwa humu ndani, mwanangu! Dada yangu Irene ananingoja kwenye lile jengo la wazee tangu Pasaka. Sasa nitaondokaje? Baba yako aliniapisha: usimwache Lorna peke yake."

Lorna akaketi chini pale pale. "Na mimi aliniambia vilevile. Kuhusu wewe."

Wakatazamana. "Mzee yule!" Mama Gorski akasema. "Katufunga sote wawili, akaenda zake."

Lango la uani likalia. Emmett.

"Nani kakuita?"

"Mimi," mama akajibu.

"Lorna, nimekosa nini? Nimesema jiko litupwe, ukanifungia simu. Unalipenda kiasi hicho?"

"Jiko? Kumbe ulikuwa unasema jiko?"

"Sasa ulidhani nini?"

Lorna akaficha uso. "Mama."

Mama Gorski alicheka mpaka akashikilia ukuta. "Kando ya barabara! Hilo gari la taka lisingeniweza!"

Emmett hakucheka. Akamsogelea Lorna. "Jumatatu naondoka. Nakuuliza tena, utakuwa mke wangu?"

"Atakuwa!" mama akadakia.

"Mama! Nimeulizwa mimi."

Lorna akaitazama nyumba, dirisha moja baada ya jingine. Hakuna aliyemshika sasa, na bado miguu ilikataa. Hilo lilimtisha kuliko yote.

"Ndiyo," akasema. "Na twende leo leo, Emmett, kabla sijatafuta sababu nyingine ya kubaki."