Kibuyu cha Kiende

Kicheko cha Nyanya kilipenya ukuta wa mbao hadi jikoni, ambako Kiende alikuwa akipuliza moto kama kila asubuhi. Tangu Nyanya apooze upande mmoja, mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kumchekesha: Kaari, binamu yake Kiende.

Kaari alichungulia mlangoni. "Maji ya Nyanya yako wapi? Au bado unagombana na moto?"

"Chukua, Sista Kaari!" Kiende alijibu kwa dhihaka.

Sista Ednah, muuguzi aliyewatembelea wagonjwa wa Githongo majumbani, alikuwa amemfundisha Kaari kazi: mtazame mgonjwa, muulize, panga la kufanya, lifanye, kisha mtazame tena. Basi wageni wote wa kanisani walimsifu Kaari. Kiende, aliyechota maji na kufua mashuka, hakusifiwa na yeyote. Wivu ulimchoma kifuani.

Kaari alipotoka kuanika blanketi, Kiende aliingia na kibuyu cha uji mwepesi wa wimbi. Kwao, mgonjwa asiyeletewa uji wa kibuyu ni kama amesahauliwa.

"Kunywa, Nyanya. Huu nimeupika mimi, si yule daktari wako."

Nyanya, akiwa amelala chali, alitikisa kichwa. Kiende akaona amekataliwa. Kwa hasira, akammiminia uji kinywani.

Nyanya alipaliwa. Macho yakamtoka, pumzi ikakwama.

"Kaari! Njoo!"

Kaari aliingia mbio. Wakamwinua pamoja, wakamwinamisha mbele, akakohoa na kukohoa hadi pumzi ikarudi.

Sista Ednah aliitwa. Alimsikiliza Nyanya kifua, kisha akageuka. "Nani alimlisha?"

"Mimi," Kiende alisema huku akilia. "Nilitaka anifurahie mimi pia. Alitikisa kichwa, nikadhani hanitaki."

"Alikuwa akikuambia amelala vibaya. Koo lake ni dhaifu. Uji mwepesi humponyoka ukaingia njia ya hewa, tena akiwa chali! Macho yako yalikuwa kwa Kaari, mwanangu, kwa hiyo hukumwona mgonjwa. Uuguzi huanza kwa kumtazama anayeumwa. Wivu haujui kutazama." Akamgeukia Kaari. "Nawe usijivune. Ngozi ya Nyanya haina kidonda kwa sababu mashuka ni safi. Nani huyafua?"

Kaari aliinamisha uso. "Kiende."

Nyanya alinyoosha mkono wake mzima. Kiende akapiga magoti, akaushika.

"Nyanya," alisema kwa sauti iliyosikika hadi uani, "kuanzia leo nitakuinua kwanza, nikuulize, nisubiri jibu lako. Hata ukikataa uji wangu, sitakulazimisha."