Ahadi ya Majani

"Nani kakuomba unisemee?" Swalha alimgeukia kijana wa shati la kitani, katikati ya msukumano wa soko la jumla la Barabara ya Zhanqian.

"Unalanguliwa, dada yangu, nami nitazame tu? Laoban, tai gui! Ghali mno, bosi!" Kijana, Hafidh jina lake, akamtabasamia mwenye duka, na bei ikashuka nusu.

Kilikuwa kitabu cha picha: sungura, miti myekundu, majani yakipukutika. Swalha alimnunulia Hasna, mtoto wa dada yake, aliyekuwa akimlea pale Guangzhou tangu miezi michache iliyopita huku dada akihangaika na mizigo ya Unguja. Swalha mwenyewe alivaa baibui jeusi na mtandio wa rangi ya embe bivu. Hafidh, mnunuzi wa vitambaa, miaka minane mjini humo, alijikuta akitoka jasho bure.

Basi ikawa simu kila jioni. Swalha akimsomea Hasna, Hafidh naye anasikiliza.

"Rudia pale kwa sungura, mpenzi."

"Haya! Kati yako na Hasna, mtoto nani?"

Mwezi wa kumi Hafidh akarudi Unguja. "Majani yakipukutika tu, habibti, wazee wangu watabisha hodi kwenu."

Swalha akahesabu kwa kitabu, na kitabu kilisema ni mwezi huohuo. Kule nyumbani mama yake alishapata posa nyingine, ya mwenye duka Darajani, na alitaka jibu. Disemba ikaingia, hodi hakuna.

"Majira yamekwisha, Hafidh! Umenifanya mjinga!"

"Swalha, bado, majani ya huko..."

Akakata, akamfungia namba. Alilia, moyo ukamuuma kwelikweli. Akamwambia mama, "Ikifika Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa tatu, mkubalie huyo wa Darajani."

Alhamisi, siku moja kabla ya Ijumaa hiyo, kuta zikichuruzika unyevu, Hasna alikimbilia dirishani. "Mama mdogo! Kitabu kimetoka nje!"

Barabara nzima ilikuwa ya manjano. Majani yalimwagika, mfagiaji anafagia na mengine yanashuka.

"Kwani hukujua?" jirani yao Felisia, mkazi wa zamani, alimcheka. "Miti ya hapa hupukutika Machi."

Mungu wangu! Kabla hajaishika simu, ikalia. Mama.

"Swalha, kuna wazee ukumbini, wanasema wametumwa na Hafidh. Niwajibu nini?"

"Wape chai, mama! Wape na maandazi! Wasiondoke!"

Akamfungulia Hafidh namba, akampigia.

"Umeyaona?" Hafidh aliuliza, hata salamu hakutoa.

"Si ungesema Machi, we mwanamume!"

"Ungepokea simu?"

Swalha akacheka na kulia kwa pamoja. "Nisamehe. Kitabu ndicho kilichonidanganya."

"Kitabu hakina kosa, ni cha miti ya kwao, nchi za baridi. Mkalishe Hasna, unisomee tena. Safari hii mpaka mwisho."

Swalha akamvuta mtoto mapajani, akafungua ukurasa wa kwanza.