Jiwe la Nyamizi

Jua likielekea kuzama nilitia kipande cha mwamba mfukoni, nikabeba karai na kidumu cha maji. Vijana wa duarani, kwenye shimo la dhahabu, walinitania mchana: "Graduate, mwamba unang'aa huo! Kausage, uoshe, uone." Nilitaka dhahabu kidogo tu, ya kunitoa hapa Nyang'hwale. Digrii imeshindwa. Miaka mitatu ni *we regret to inform you*. Ma-HR wa nchi hii wana sentensi moja, na hata hiyo wamekopi.

Jiwe la kusagia liko mahameni, nyuma ya minyaa. Aliishi pale Nyamizi, mama yake bibi yangu Lusia. Mumewe alikwenda Mwadui kutafuta kazi ya almasi, bibi akiwa bado tumboni. Hakurudi. Nyamizi akasaga mtama wa watu, akalea, akazeeka, akafa ameinamia jiwe lilelile. Jina la huyo mwanamume nilipewa mimi. Masalu.

"Masalu, pale panasagwa mtama tu," bibi alinionya.

"Bibi, mtama siku hizi ni mashineni. Mizimu nayo iende na wakati."

Hakucheka.

Nilipiga magoti, nikasaga. Krrr... krrr... Mwamba ukalainika. Nikaacha, nikajifuta jasho usoni kwa mikono yote miwili.

Krrr... krrr...

Mikono yangu bado ilikuwa usoni.

Kisha harufu. Mtama uliosagwa sasa hivi, moshi wa kuni, jasho la mwanamke aliyeshinda kazini. Nikatazama jiwe. Juu yake, unga. Mweupe. Wa kula.

"Mwadila, Masalu."

Salamu ya jioni, kwa Kisukuma, nyuma ya sikio langu. Taratibu, kama anayeogopa kunifukuza.

"Kumbe Mwadui ni mbali hivyo?"

Ningekimbia. Ningesema si mimi, mama, umekosea mtu. Lakini tangu graduation hakuna aliyefurahi kuniona nikiingia mahali. Hakuna! Na sauti ile ilifurahi hadi ikatetemeka.

"Nimerudi," nikanong'ona.

Krrr ikakoma.

Kitu baridi, kikavu, chenye unga, kikanishika kifundo cha mkono.

"Hutoki tena."

Sijui nilifikaje nyumbani. Bibi alikuwa amekaa mlangoni, hajawasha taa. Akanusa hewa.

"Amekusemesha?"

"Ndiyo."

"Ukamjibu?"

Nikaficha mgongoni mkono wenye unga.

"Bibi, kesho alfajiri naondoka. Geita, Chato, popote. Hata kwa miguu."

Alinitazama sana, huyu mwanamke wa karibu miaka themanini aliyenibeba mgongoni. Kisha akashuka chini, polepole, viungo vikilia, akapiga magoti mbele yangu. Akainamisha kichwa kama binti mdogo.

"Shikamoo, baba."

Nilitaka kupiga kelele. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Marahaba, mwanangu."