Jina Alilolijua Mtoto

Dobi aliamka mapema kama kawaida yake. Alichemsha maji, akaloweka mashuka, akatenga nguo nyeupe na za rangi. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilichokuwa duka. Kulikuwa na meza ndefu ya kupigia pasi, kamba mbili za nguo, na kaunta iliyobabuka rangi.

Mama yake alikaa mlangoni akikunja soksi. Alikuwa na miaka themanini na moja. Yeye pia alikuwa dobi, tangu enzi za pasi ya makaa. Sasa kumbukumbu zilikuwa zinampotea. Siku nyingine alikunja soksi vizuri. Siku nyingine alizikunja, akazikunjua, kisha akauliza ni za nani.

Kila alipoletewa chakula, aliuliza swali lilelile.

"Kifaranga amekula?"

"Mama, sisi hatufugi kuku," Dobi alimjibu. "Kula, chakula kinapoa."

Asubuhi moja Dobi aliingia ndani kuchukua wanga wa kukazia nguo. Aliporudi, kiti kilikuwa kitupu. Alimtafuta Mama barabarani, sokoni na kituo cha basi. Saa saba mchana alimkuta amesimama nje ya ukuta wa hospitali ya zamani. Alikuwa ametoka bila viatu, na nyayo zilikuwa zinavuja damu.

"Mama! Unatafuta nini huku?"

"Namfuata mtoto," Mama alisema. "Walisema nirudi akipona."

Dobi alivua kanga yake, akamfunga nyayo. Alijua kwamba alikuwa na kaka aliyemtangulia kuzaliwa. Baba yao, kabla ya kufariki, alimweleza mara moja tu. Mtoto yule alikufa kwa homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka minne. Hospitali ilimzika pamoja na wengine waliokufa kwa mlipuko ule. Nyumbani hapakuwa na picha yake, na hakuna aliyemtaja. Kidonda kilifunikwa tu, hakikuwahi kuoshwa.

Sasa Mama anasema "akipona". Nani anamwambia mama wa maiti arudi mtoto akipona?

Wiki ile Dobi alitafuta kwa simu. Aliandika jina la kaka yake mtandaoni, asipate kitu. Akampata mtu mmoja aliyejitangaza kuwa mtaalamu wa koo. Baada ya siku mbili mtu huyo alimtumia mchoro wa ukoo wenye majina arobaini. Juu kabisa alikuwapo mfalme.

Dobi alimwonyesha mteja wake mmoja. Mteja huyo alifanya kazi katika hifadhi ya nyaraka, yaani jengo ambamo serikali hutunza barua, madaftari na rekodi za zamani. Kila Jumatatu alileta makoti ya kazini yaliyojaa vumbi la karatasi. Dobi alimwita Bwana Makoti.

Bwana Makoti alivaa miwani, akautazama mchoro.

"Huyu mfalme ametoka wapi?"

"Sijui."

"Na aliyechora alisoma rekodi gani?"

"Hakusema."

"Basi, dada yangu, huu ni umbea uliovaa suti. Habari ya ukoo lazima iwe na chanzo. Nani alisema? Iliandikwa wapi? Daftari gani, ukurasa wa ngapi? Asiyeweza kukuambia hayo, achana naye."

Dobi alicheka kidogo. Halafu machozi yakamtoka, akamweleza yote.

Bwana Makoti alilisukuma furushi la makoti pembeni, akakaa.

"Anza na walio hai," alisema. "Karatasi zinasubiri, watu hawasubiri. Mama ana nafuu saa ngapi?"

"Asubuhi, akishaoga."

"Basi muulize asubuhi. Usimhoji kama polisi. Fanyeni kazi pamoja, umwache aongee. Andika maneno yake kama anavyoyasema, na uandike tarehe. Uliza pia mtoto aliitwaje nyumbani. Jina la cheti ni moja, jina la kuitiwa chakula ni jingine."

Dobi aliweka pasi chini.

"Kifaranga," alisema polepole. "Miaka yote hii namjibu habari za kuku."

Kesho yake alikaa karibu na Mama na beseni la soksi.

"Mama, Kifaranga ni nani?"

"Mwanangu wa kwanza," Mama alisema, mikono ikiendelea kukunja. "Alinifuata nyuma kila niendako. Hata chooni!" Akacheka. Kisha uso ukabadilika. "Aliungua mkono wa kushoto kwa pasi yangu. Ni mimi niliyeiacha chini."

"Na hospitali?"

"Tuliugua wote wawili, tukapelekwa siku moja. Mimi wodi ya wanawake, yeye ya watoto. Baba yako alikuwa mbali, kwenye ujenzi wa barabara. Nilipopata fahamu nikamuulizia mtoto. Muuguzi mmoja akasema nirudi akipona. Niliporudi, mwingine akasema wa wodi ile wote wamezikwa. Nimwamini yupi?"

Dobi aliandika yote, hata mahali Mama aliponyamaza.

Jumatatu iliyofuata alifunga duka, akaenda kwenye hifadhi ya nyaraka. Begi aliliacha mlangoni. Kalamu ya wino haikuruhusiwa, akapewa penseli. Bwana Makoti alimweleza kwamba rekodi za wagonjwa wa miaka ya karibuni hufungwa kwa ajili ya siri zao. Lakini hizi zilikuwa na miaka hamsini na nane, na ndugu wangeweza kuomba kuzisoma. Dobi akajaza fomu.

"Jina tuliache kwanza," Bwana Makoti alisema. "Tutafute mahali na mwaka. Majina huandikwa vibaya, hasa watu wakiwa wengi na karani amechoka."

Alileta daftari la wodi ya watoto. Kulikuwa na watoto arobaini na mmoja. Mbele ya majina mengi palichorwa msalaba mdogo. Dobi alishuka na kidole, msalaba baada ya msalaba. Kwenye mstari wa ishirini na saba akasimama.

*Firanga. Mvulana, miaka minne. Amepona. Amepelekwa nyumba ya watoto.*

Hapakuwa na msalaba.

"Mtoto aliulizwa jina," Bwana Makoti alisema kwa sauti ya chini. "Akataja alilolijua. Karani akasikia alichosikia."

Madaftari ya nyumba ile ya watoto yalikuwa yamepigwa picha na kuwekwa kwenye tovuti ya hifadhi. Bwana Makoti alimwonyesha Dobi namna ya kutafuta kwa simu yake. Usiandike jina zima. Andika herufi tatu za mwanzo, kisha ubadilishe: Kif, Far, Fir. Ukurasa ukafunguka.

*Firanga. Jina la baba: hajui. Jina la mama: "Mama". Alama: kovu la kuungua, mkono wa kushoto.*

Dobi alifunika mdomo. "Ni yeye."

"Jina linaweza kufanana kwa bahati," Bwana Makoti alisema. "Lakini umri, hospitali na kovu vinakubaliana na maneno ya Mama. Sasa una vyanzo zaidi ya kimoja. Andika namba ya jalada. Mtandao umetuonyesha mlango tu, nyumba yenyewe iko huku ndani."

Jalada lililetwa. Lilikuwa jembamba. Mwisho wake kulikuwa na barua ya miaka kumi na moja iliyopita, yenye mwandiko mkubwa wa mtu mzima.

*Mimi ni fundi seremala. Nililelewa na nyumba ya watoto. Namtafuta mama yangu. Simjui jina. Nakumbuka mikono yake ilinuka sabuni. Nakumbuka makaa. Naomba mnisaidie.*

Chini yake kulikuwa na nakala ya jibu. Ilikuwa na mstari mmoja: *Hakuna aliyeulizia mtu wa jina hilo.*

Bwana Makoti alivua miwani.

"Jibu hili lilitoka ofisi hii," alisema. "Alimuulizia mama asiye na jina. Na nyinyi hamkuja kuulizia mtoto."

"Tulijua amekufa," Dobi alisema. "Na hatukujua kwamba watu kama sisi tunaruhusiwa kuuliza."

Barua ilikuwa na anwani. Ulikuwa mji wa mwendo wa saa tatu kwa basi. Dobi alikwenda Alhamisi. Mlango ulifunguliwa na mwanamke wa makamo, na Dobi alimwambia amekuja kwa nani na kwa nini. Mwanamke yule alishika kizingiti.

"Mume wangu alifariki miaka minne iliyopita," alisema. "Figo. Maisha yake yote alisema yeye aliota tu, kama uyoga."

Dobi alikaa chini palepale mlangoni. Baada ya ile barua kaka yake aliishi miaka saba. Miaka saba, na saa tatu za basi. Alilia kwa sauti, bila kujali wapita njia.

"Inuka, wifi," mjane alisema. "Ingia ndani. Hapa ni kwa kaka yako."

Ukutani palikuwa na picha. Alikuwa mwanamume mwembamba mwenye masikio ya Mama. Binti yake, ambaye ni muuguzi, alimshika Dobi mkono.

"Shangazi, Baba alikuwa na presha muda mrefu bila kujua. Ndiyo iliyoharibu figo. Wewe umewahi kupima?"

Hakuwahi. Alipopima, presha ilikuwa juu. Alianza dawa wiki ileile.

Bwana Makoti hakuandika chochote kwenye madaftari ya zamani, maana hayaguswi. Lakini katika orodha ya majina ya tovuti aliongeza: *Firanga, tazama pia Kifaranga.* Akaweka barua ya Dobi ndani ya jalada, juu ya ile ya kaka yake, pamoja na namba ya simu.

Kumwambia Mama kulikuwa kugumu. Dobi alimwambia asubuhi, akishaoga, kwa maneno machache. Alipona, Mama. Alikua. Alikuwa fundi. Ameshafariki. Mama alikunja soksi, akaikunjua, akaikunja tena. Kesho yake alikuwa amesahau, na Dobi ikabidi amwambie tena. Ilikuwa hivyo mara nne.

Kisha Dobi akampeleka kwenye kaburi la mwanawe. Mjane alikuwepo, na yule binti muuguzi. Kaburi lilikuwa na kibao cha saruji. Mama aliinama, akasoma kwa kunong'ona, herufi moja moja. Jina. Chini yake: *Alizaliwa: haijulikani.*

Mama alinyooka ghafla.

"Nani hajui?" alisema kwa hasira. "Mimi ninajua. Jumatano, tarehe tisa, mwezi wa pili. Alfajiri. Nilikuwa peke yangu chumbani, nikamkata kitovu mwenyewe."

Binti muuguzi alitafuta kalamu kwenye mkoba.

"Rudia taratibu, Bibi. Naandika."

Mama akarudia, neno kwa neno, na hakukosea.